Simu ya mhitimu wa kidato cha nne inakuja bila maelekezo

NDUGU MHARIRI,

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba. Matokeo hutoka mwishoni mwa Januari, na wanaochaguliwa kidato cha tano huripoti Julai. Katikati hapo kuna miezi saba hivi ya kukaa nyumbani, na ndipo wazazi wengi humnunulia kijana simu janja yake ya kwanza. Shuleni, hasa za bweni, simu ilikuwa marufuku. Kwa hiyo mtoto wa miaka 17 anakabidhiwa kwa siku moja kitu alichokatazwa kwa miaka minne, na hakuna anayekaa naye kumwonyesha.

Tunaoandika barua hii ni mwalimu wa Tehama na fundi simu. Hatuna ugomvi na simu. Ugomvi wetu ni na saa mbili: saa ya kwanza ya simu hiyo, ambayo huishia kwenye kupakua TikTok, na saa ya kwanza ya balaa likitokea, ambayo huishia kwenye kufuta, kulipa na kuchapa.

Tuanzie dukani. Simu ya Android huhitaji akaunti ya Google, na muuzaji au fundi humfungulia mteja akaunti hiyo palepale kaunta kwa nywila anayoijua yeye, mara nyingine ileile anayowawekea wateja wote. Mteja anashukuru na kuondoka. Akaunti ile ndiyo itakayotunza namba zake zote, na kama Google Photos imeruhusiwa kuhifadhi, kila picha atakayopiga itapanda huko yenyewe. Mwenye nywila anaweza kuzitazama akiwa amekaa dukani kwake. Fundi kati yetu anajua kauli hii itawaudhi wenzake, lakini ndivyo ilivyo. Mkifika nyumbani, ingieni kwenye mipangilio, sehemu ya Google, kisha usalama wa akaunti. Badilisheni nywila, iwe na herufi 12 au zaidi. Wekeni namba ya mzazi au ya kijana kuwa ndiyo ya kurejesha akaunti. Halafu fungueni orodha ya vifaa vilivyoingia na kukitoa kila msichokitambua. Dakika kumi zinatosha.

Loki ya simu iwe PIN ya tarakimu sita, isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ule mchoro wa kuburuza kidole wengi wanaupenda, lakini ukiinamisha kioo kwenye mwanga, njia ya kidole inasomeka kwenye mafuta yaliyobaki.

Kwenye WhatsApp kuna milango miwili ya wizi, na watu huichanganya. Wa kwanza ni ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS wakati wa kusajili. Tapeli anaandika namba yako kwenye simu yake, SMS inakujia wewe, halafu unaingia ujumbe kutoka kwa rafiki ambaye naye ameshatekwa: “Samahani, kuna namba nimeituma kwako kwa bahati mbaya, hebu nisomee.” Ukimsomea, akaunti imehama. Mazungumzo yako ya zamani hatayapata, kwa sababu yamo ndani ya simu yako, lakini magrupu yote uliyomo atayaona, kila ujumbe mpya utaingia kwake, na kabla hujamaliza kushangaa shangazi yako ameshaombwa elfu hamsini. Kinga yake ni uthibitishaji wa hatua mbili, ulio kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti. Unatunga PIN nyingine ya tarakimu sita na kuweka barua pepe ya kukuokoa ukiisahau.

Akaunti ikishatekwa, usipoteze muda kubembelezana na tapeli. Sajili upya namba yako kwenye simu yako, omba SMS mpya, iandike. Hapo hapo yeye anatolewa. Kama alikuwa ameshaweka PIN yake ya hatua mbili utasubiri siku saba ndipo uingie, lakini hata katika siku hizo saba yeye hayumo.

Mlango wa pili hauhitaji tapeli wa mbali. Ni mpenzi, ni wa chumba kimoja, ni binamu aliyekuja likizo. Umeenda kuoga, simu iko kitandani haina loki; anafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, anaitumia simu yako kuskani alama ya mraba iliyo kwenye kompyuta au simu yake, na kuirudisha ilipokuwa. Huyu, tofauti na yule wa kwanza, anaona mpaka mazungumzo ya nyuma, na wewe hutolewi, kwa hiyo huna sababu ya kushtuka. Simu yenye loki huomba kidole au PIN kabla ya kuunganisha, na ndiyo maana loki tumeitanguliza. Fungua orodha hiyo leo. Ukikuta kifaa usichokijua, kiguse, kitoe.

Mambo mengine ya saa ya kwanza ni ya haraka. Kwenye faragha, ruhusa ya kuingizwa kwenye magrupu iwe kwa watu unaowafahamu tu, na picha ya wasifu vilevile. TikTok na Instagram zina umri wa chini wa miaka 13, na TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Kijana anayedanganya mwaka wa kuzaliwa ili aonekane mkubwa anakuwa ameizima kinga hiyo kwa mkono wake. Na zima ile hali ya WhatsApp kupakua picha na video yenyewe na kuziweka kwenye galari. Bando litapona, lakini kubwa zaidi ni hili tunalokuja kulisema.

Kila mtu mwenye simu nchini anajua maana ya koneksheni, zile video za utupu zinazovuja. Hatutajifanya hatujui. Video ya faragha ya mtu imevuja, na grupu la darasa lililofunguliwa ili watu wasipotezane baada ya shule linaulizana: “Nani anayo?” Aliyeivujisha ni mmoja, wengine 60 ndio wanaoifikisha. WhatsApp ilipunguza uwezo wa kusambaza, ujumbe mmoja kwa mazungumzo matano kwa mkupuo, na ule ulioshapita mikono mingi, wenye mishale miwili, huenda kwa mazungumzo moja tu kila safari. Lakini hesabu bado ni mbaya. Watu watano wakiitupa kila mmoja kwenye grupu moja lenye watu 60, simu 300 zimeshaipokea kabla chai haijapoa, na kila ambayo haijazima upakuaji ina nakala kwenye galari, hata kama mwenyewe hakuifungua.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Wengi wa hawa wahitimu wako ndani ya hesabu hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuchapisha ponografia ya mtoto kwa kutumia mfumo wa kompyuta, au kuwezesha wengine kuipata, adhabu yake ya chini ni faini ya Sh50 milioni au kifungo cha miaka saba, au vyote viwili. Simu nayo ni kompyuta. Sheria haikuweka nafuu kwa anayesema “nilikuwa naforwadi tu.” Na kwa kuwa kijana asiyefikisha miaka 18 hana kitambulisho cha taifa cha NIDA, laini yake kwa kawaida imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Mpelelezi akiifuatilia namba, jina la kwanza kukutana nalo ni la baba au mama. (Mzazi apige *106# aone laini ngapi ziko kwenye jina lake. Wengine hustuka.)

Basi kijana aliyetumiwa video hiyo afanye nini? Asiifungue. Asiulize ni nani, kwa sababu swali lile ndilo linalowafanya waliokuwa hawajali waifungue. Amwandikie admini faraghani, si ndani ya grupu. Admini anao uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu mwingine kwa wanachama wote: anaukandamiza ujumbe, anachagua kufuta kwa wote. Mapema, kwa sababu uwezo huo una muda wake, na waliokwisha kupakua hawaguswi. Kisha afunge grupu ili maadmini peke yao waweze kuandika kwa siku moja mbili. Admini akikataa, kijana ajitoe. Siku hizi ukijitoa wanaojulishwa ni maadmini tu, kwa hiyo ile aibu ya “fulani ameondoka” mbele ya wote haipo tena.

Na kuna udhalilishaji mdogo ambao watu hawauhesabu. Stika zilizotengenezwa kwa uso wa mwanafunzi mwenzao, yule mnene, yule mwenye kigugumizi. Meseji unaweza kuifuta. Stika ikishawekwa kwenye vipendwa vya wenzako imeondoka mikononi mwako, na utaikuta chuo miaka mitatu baadaye. Skrinshoti ya mazungumzo ya watu wawili inayorushwa stetasi ni jamaa wa karibu wa stika. Kifungu cha 23 cha sheria ileile kinahusu kutuma ujumbe kwa nia ya kutisha, kulazimisha, kusumbua au kumuumiza mtu moyo: faini isiyopungua Sh5 milioni, au jela isiyopungua miaka mitatu. Wanaochambana usiku kucha kwenye grupu wakidhani ni utani, wachache wanakijua.

Sasa tuje kwenye saa ya pili, ya vitisho. Mchezo unafanana karibu kila mahali. Akaunti yenye picha nzuri inakufuata, ina marafiki wawili watatu mnaofahamiana, kwa hiyo unaikubali. Siku chache za maongezi matamu, kisha mnahamia WhatsApp, kisha picha “yangu kwa yako.” Dakika hiyo hiyo lugha inageuka: unatumiwa skrinshoti ya orodha ya watu wanaokufuata, mjomba yumo, mwalimu yumo, na namba ya kutumia pesa. Si lazima picha iwe ya kweli. Kwa akili mnemba uso wako wa kwenye wasifu unatosha kubandikwa kwenye mwili usio wako. Na wavulana wanawindwa kama wasichana. Septemba 2024 mahakama ya Marekani iliwafunga ndugu wawili wa Lagos miaka 17 na nusu kila mmoja kwa mchezo huu, baada ya mvulana wa miaka 17 wa Michigan waliyemtisha kujiua ndani ya saa chache. Kwa hiyo kabla ya skrinshoti, kabla ya polisi, kijana aliyekuja kukuambia jambo hili asilale peke yake chumbani usiku huo. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Usilipe. Anayelipa elfu ishirini amejitaja kuwa ni mtu anayelipa, na kesho bei ni elfu hamsini. Kama pesa imeshatoka, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, mara moja uombe izuiwe, na tunza ujumbe wa muamala, maana una namba, jina la usajili na saa. Ujumbe wa kitapeli wenyewe utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha tuma namba iliyoutuma.

Usifute. Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Mtoto kwa hofu anafuta mazungumzo yote, baba kwa hasira anaipiga simu ukutani, na kesho yake wanakwenda kituoni na maneno matupu. Acha kujibu, lakini kila kitu kibaki kilipo. Kisha piga skrinshoti, na upige zinazofaa. Nyingi zinazoletwa zina kasoro mbili. Ya kwanza, juu kunaonekana jina ulilohifadhi, “My” au “Mpenzi,” wakati kinachotakiwa ni namba. Gusa jina, fungua ukurasa wa taarifa zake, namba ionekane, piga hapo pia. Kwenye Instagram au TikTok nakili kiungo cha wasifu, kwa kuwa jina linabadilishwa kila siku. Ya pili ni tarehe. WhatsApp huandika “Leo” na “Jana,” na skrinshoti ya “Leo” ikifunguliwa mahakamani baada ya miezi minne haisemi kitu. Fungua menyu ya mazungumzo, chagua kuyahamisha (Export chat) bila picha, na kila ujumbe utatoka na tarehe kamili na saa. Kama ujumbe umewekewa kutoweka baada ya saa 24, au ni wa kutazamwa mara moja, tumia simu nyingine kupiga picha maneno ya vitisho. Hayo yakishakamilika ndipo ripoti akaunti na ublok.

Picha ya utupu yenyewe usiipige skrinshoti wala kumtumia mtu “kama ushahidi.” Tunasema hili kwa walimu wa nidhamu na wajomba wenye nia njema wanaoagiza, “Nitumie nione.” Ukitumiwa, nawe umekuwa kituo kingine cha usambazaji, na mtoto ametazamwa na mtu mmoja zaidi. Ibaki kwenye simu ya mtoto. Simu hiyo ikiwa na chaji, na PIN ikijulikana, ndiyo ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi, mtoto akisindikizwa na mtu mzima anayemwamini. Msiondoke bila namba ya RB, ile ya taarifa yenu kwenye kitabu cha kituo. Wakihitaji kubaki na simu kama kielelezo, ombeni maandishi ya kupokelewa.

Kuna sababu nyingine ya kutofuta, nayo haijulikani sana. Ukurasa wa takeitdown.ncmec.org, unaoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ni kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18, hata kama sasa ni mtu mzima. Hulipi, hutaji jina. Unaufungua kwenye simu yenye picha, unaichagua, na simu inaikokotoa kuwa mfuatano wa herufi na namba, mithili ya alama ya kidole. Picha haitoki kwenye simu. Kinachokwenda ni ile alama. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat ni kati ya zinazoipokea na kuitumia kuzuia picha hiyo kwao. Kwa aliyekuwa na miaka 18 au zaidi kuna stopncii.org, yenye utaratibu kama huo. Mipaka yake tuiseme wazi: ndani ya WhatsApp haifiki, kwa sababu ujumbe wa huko umefungwa, na picha ikikatwa pembeni tu inakuwa na alama nyingine, kwa hiyo kila toleo unalolipata lifanyie hivyo. Lakini aliyefuta picha hana cha kupimia.

Neno kuhusu mafundi, kwa vile baadhi ya koneksheni huanzia mezani kwetu. Kubadilisha kioo, betri au mfumo wa chaji hakuhitaji PIN yako. Kioo kipya hupimwa kwenye kibodi ya simu za dharura, pale pale kwenye loki. Chaji inaonekana kwa macho. Anayedai PIN kwa kazi hizo mwulize ya nini. Toa laini na memori kadi kabla ya kuacha simu. Samsung nyingi za karibuni zina hali ya matengenezo, sehemu ya utunzaji wa kifaa, ambayo humfungulia fundi simu tupu na kuficha vya kwako. Isiyo nayo, kaa usubiri. Na usitegemee kufuta picha njiani ukija: kwenye galari ya Samsung iliyofutwa hukaa kapuni siku 30, na kwenye Google Photos, kama ilishahifadhiwa mtandaoni, siku 60. Kapu nalo lina kitufe cha kumwaga. Ukiuza simu, toa akaunti ya Google kwanza, kisha rejesha simu katika hali ya kiwandani. Memori kadi usiiuze nayo.

Mwisho ni ninyi, Mhariri, na wenzenu wa kurasa za mtandaoni. Kichwa cha habari “Video ya mwanafunzi yazua gumzo,” hata kikiwekewa picha yenye ukungu usoni, kinamwelekeza msomaji atafute iliyo wazi. Mkitaja wilaya, shule na kidato, mmeshamtaja mtoto, kwa sababu pale kijijini kidato hicho kina wasichana 20. Tunaomba mambo hayo matatu yaondoke kwenye habari za aina hiyo, na nafasi iliyobaki chini yake iwekwe 116, 15040 na anwani ya ule ukurasa wa kuzuia picha. Itachukua mistari mitatu.

Mwalimu wa Tehama na fundi simu,
Morogoro